Kwenda kuwaona pomboo na nyangumi mwezi wa Agosti: je, boti ya watu sita ni bora kuliko dau la watu thelathini?

Bint Kuze ameuliza:

Assalam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote mnaosoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani Mombasa. Nimezaliwa Kuze, mahali ambapo mtu akishuka kichochoro kimoja tu hujikuta anatazamana na maji, lakini nakiri kwamba sijawahi kumwona nyangumi hata siku moja, na pomboo nimewaona mara moja tu, kwa namna iliyoniacha na majuto. Hiyo ilikuwa Desemba iliyopita. Nilijiunga na walimu wenzangu kwa matembezi ya siku moja katika pwani ya kusini, ndani ya dau kubwa lililotuchukua watu zaidi ya thelathini. Tulipowafikia pomboo tulikuta mashua nyingine sita zimekwisha kufika. Kila walipoibuka, injini zote zilivuma kwa pamoja na mashua zikakimbilia pale pale. Walipozama, manahodha walikatiana njia ili kila mmoja awe wa kwanza watakapoibuka tena. Miongoni mwa pomboo hao alikuwamo mmoja mwenye mtoto aliyemganda ubavuni, na nahodha wetu, kwa nia ya kutufurahisha, alipita baina ya mama huyo na wenziwe. Tulipiga makofi. Tulipokuwa tukirudi ndipo mwenzangu mmoja aliposema kwamba yeye hakuona pomboo, aliona migongo inayokimbia, na maneno hayo yamenikaa tangu siku hiyo.

Sasa, shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti, ninakusudia kutoka na watoto wangu wawili, wa miaka tisa na kumi na miwili, pamoja na mama yangu mwenye miaka 64 na goti linalomsumbua. Nimeambiwa kwamba Agosti ndio msimu wa nyangumi. Nimeona tangazo la matembezi ya kundi dogo, wageni sita tu, linalosema kwamba wao huwatazama wanyama kwa kuwajibika. Bei ya kiti kimoja inakaribia mara mbili ya bei ya dau kubwa, na kwa mshahara wa mwalimu hilo si jambo la kulipita juu juu. Ninaomba kujua: je, fedha hiyo ya ziada inamnunulia pomboo utulivu, au inaninunulia mimi nafasi ya kunyoosha miguu? Na mtu asiyeijua bahari atamtambuaje nahodha mwenye adabu kabla hajapanda chomboni? Pia nishaurini kama niende kusini, Shimoni na Wasini, au kaskazini, Watamu.

Nahodha wa Mkwiro amejibu:

Wa aleikum salaam, mwalimu. Mimi nimekwisha kustaafu. Nimeendesha mashua kati ya Shimoni, Wasini na Kisite kwa miaka mingi, kwanza nikivua, baadaye nikichukua wageni, na sasa wanangu ndio wanaoshika usukani. Nitaanza na nyangumi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotoshwa.

Nyangumi wanaopita kwetu, wale wenye nundu na mapezi marefu ya ubavuni, hula katika bahari ya baridi kali iliyo kusini kabisa mwa dunia, kisha huja katika maji yetu ya joto kupandana na kuzaa. Huanza kuonekana Juni au Julai, na ifikapo Oktoba wengi wao huwa wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo ni kweli kwamba Agosti ni msimu wao. Lakini Agosti ni msimu wa kusi vilevile, ule upepo mkali wa kusini, na nyangumi hakai ndani ya mwamba kwenye shwari. Yuko nje, kwenye maji ya kina. Kina hicho hakiko mbali na pwani yetu, ila mawimbi utayakuta mara tu utokapo mlangoni, yaani kwenye pengo la mwamba, na maji yanapopwa huku upepo ukiingia kutoka baharini, mlango huo huo uliotoka kwa amani asubuhi unaweza kuwa na mawimbi yaliyosimama wima. Mtu akikuahidi nyangumi Agosti bila kukutajia kusi, amekuuzia nusu ya habari.

Kwa sababu hiyo, mwanangu, ukiwa na mama mwenye goti bovu na watoto wawili, ningekushauri uwafuate pomboo, na nyangumi umhesabu kuwa ni bahati akijitokeza. Pomboo wa Kisite wapo mwaka mzima. Kisite yenyewe ni hifadhi ambamo uvuvi hauruhusiwi, na Mpunguti iliyo jirani ni eneo ambalo wavuvi wa asili wanaruhusiwa kutega kwa njia zao za jadi. Zote mbili ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kutoka Mombasa utavuka Likoni au utapita Dongo Kundu, uteremke hadi Kanana, kisha ukate kushoto kuelekea Shimoni. Toka alfajiri. Chombo kikiondoka saa mbili asubuhi utakuwa umewahi kabla upepo haujapata nguvu, na kabla mashua za wageni wa hotelini hazijafika. Chagua siku za maji mafu, ambapo maji hayajai wala hayapwi sana, yaani siku ya nane, tisa au kumi kwa hesabu ya mwandamo, au ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo hukimbia na maji huchafuka.

Watamu nako ni kuzuri. Hifadhi yao ya baharini, pamoja na ile ya Malindi, ilianzishwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Kuna jumuiya iitwayo Watamu Marine Association ambayo imekuwa ikikusanya kwa manahodha na wavuvi taarifa za mahali na siku walipoonekana nyangumi na pomboo. Kama shabaha yako ingekuwa nyangumi peke yake, na wote mlio nao wangekuwa na tumbo la kustahimili bahari, ningekuelekeza huko bila kusita.

Sasa nije kwenye swali lako la watu sita na watu thelathini. Ninajua kwamba jibu langu halitawafurahisha wenye boti ndogo. Abiria hamdhuru pomboo. Abiria ameketi, ana kamera yake na kofia yake. Kinachomsumbua pomboo ni injini, rafadha, na namna chombo kinavyomkabili. Wageni thelathini katika dau moja linalokwenda taratibu ni injini moja. Wageni hao hao wakigawanywa sita sita ni boti tano, injini tano au kumi, na manahodha watano ambao kila mmoja amelipwa ili mgeni wake aone. Yale uliyoyashuhudia Desemba hayakutokana na ukubwa wa dau lenu. Yalitokana na vyombo saba kuwazunguka wanyama wale wale kwa wakati mmoja bila hata mmoja wao kukubali kungoja.

Nahodha mwenye adabu utamjua kwa mwendo. Akiwaona pomboo kwa mbali hupunguza kasi mapema, si anapowafikia. Hawakabili kwa mbele wala hawafuati kwa nyuma kabisa. Huja ubavuni, kwa mshazari kidogo kutoka nyuma, akaenda sambamba nao kwa mwendo wao wenyewe. Miongozo inayofuatwa katika nchi nyingi husema chombo kisikaribie zaidi ya mita 50 kwa pomboo na mita 100 kwa nyangumi. Usiumize kichwa kukadiria mita juu ya maji: chukua mashua yako yenye urefu wa mita kumi, uihesabu mara tano. Pomboo wakipenda kuja wenyewe chini ya omo, yaani mbele ya chombo, waje. Hapo nahodha hapaswi kuongeza kasi wala kukata kona, na wakitaka kuondoka awaache waende zao.

Mpimamaji amejibu:

Nahodha amesema vizuri, nami nitaongeza upande wa utafiti, kwa kuwa nilisomea sayansi ya bahari kabla riziki haijanipeleka kwenye ofisi za Kilindini.

Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo yao kutoka Shark Bay, Australia Magharibi, mahali ambapo pomboo wamefuatiliwa kwa miaka mingi, mmoja mmoja, kwa alama za mapezi yao ya mgongoni. Walilinganisha kipindi ambacho hapakuwa na kampuni ya utalii katika eneo hilo, kipindi cha kampuni moja, na kipindi cha kampuni mbili. Chini ya kampuni mbili, pomboo katika eneo la utalii walipungua kwa takribani asilimia 15, wakati katika eneo jirani lisilo na utalii hawakupungua. Kampuni mbili tu, ndugu zangu, tena zenye leseni na masharti. Serikali yao ilipunguza leseni zikarudi kuwa moja. Ninalitaja hili kwa sababu linakubaliana kabisa na hesabu ya nahodha ya injini moja na injini tano, na kwa sababu pomboo wa Shark Bay ni wengi mno kuliko wetu. Tangu watafiti walipoanza kuwatambua kwa picha pomboo wa Kisite mwaka 2006, imeonekana wazi kwamba hawa ni kundi dogo la wakaazi. Hawatoki mbali wakaletwa na mkondo kila asubuhi kwa ajili ya wageni wapya. Ni wale wale waliofukuzwa jana.

Linalofaa kueleweka ni kwamba madhara hayaonekani kwa macho ya siku moja. Pomboo hagongwi akafa mbele yako, isipokuwa kwa nadra. Anachopoteza ni muda. Siku yake imegawanyika kati ya kutafuta chakula, kunyonyesha, kujamiiana na kupumzika, na mapumziko yake ni ya ajabu: kwa kuwa lazima aibuke kuvuta pumzi, hulala kwa nusu ya ubongo huku nusu nyingine ikikesha. Ukiona kundi limesongamana, linakwenda polepole, linaibuka na kuzama kwa pamoja bila mbwembwe, hao wamelala. Kwa mgeni hilo ni kundi lisilo na msisimko, na ndipo nahodha mwenye haraka huwachokoza ili waruke. Ni sawa na kuingia chumbani kwa mtu saa nane za usiku ukawasha taa ili umpige picha. Kisha usisahau kwamba mnyama huyu hutafuta samaki na kuwatambua wenziwe kwa sauti. Injini zikivuma pande zote huwa kama watu wanaojaribu kuelewana ndani ya kinu cha kusaga nafaka.

Kwa nyangumi jambo hili ni zito zaidi. Mama mwenye nundu akiwa huku kwetu hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kusini, na kwa mafuta hayo hayo anatengeneza maziwa ya mtoto aliyezaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi, ambaye hana budi kunenepa kabla ya safari ya maelfu ya kilomita. Kila anapolazimika kukimbia chombo anatumia akiba ambayo hawezi kuirudisha hadi arudi kwenye baridi. Ndiyo maana Australia, mathalani, hawamwachii mtu kuingia ndani ya mita 300 za nyangumi mwenye mtoto. Mita mia tatu kwa macho ya mgeni ni mbali, nakubali, lakini mnyama mwenye urefu wa mita 12 hadi 15, anayetoa pumzi inayopanda juu kama moshi wa jiko la kuni, hahitaji kuonekana kwa karibu. Na kama chombo kina haidrofoni, yaani kifaa cha kusikilizia sauti za majini, nahodha azime injini aitumbukize majini: nyangumi dume huimba, na wimbo wake husikika kutoka mbali kuliko jicho linavyofika. Mimi niliusikia mara moja tu, na hadi leo sijaona kitu cha kulipia kinachoufikia.

Dalili za kwamba mmekwisha kumkera mnyama ni hizi: anabadili mwelekeo ghafla, anazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akizama mwanzo, anapigapiga mkia juu ya maji, au mama anajiingiza kati ya mtoto wake na chombo chenu. Hapo si pa kujadiliana, ondokeni.

Kijana wa Nyali amejibu:

Shikamoo nahodha, na heshima kwa wote. Mimi ni mmoja wa hao wenye boti ndogo, kwa hiyo someni maneno yangu mkijua kwamba nina maslahi.

Hesabu ya injini ni sahihi, lakini inachukulia kwamba wale wageni thelathini wote wangekwenda siku moja, saa moja, mahali pamoja. Mimi ninachukua watu sita, mara tatu au nne kwa juma, na nisipowapata sitoki. Isitoshe, katika dau la watu thelathini nahodha hana nafasi ya kuzungumza na mtu yeyote. Wageni wakiona pezi, wote hukimbilia upande mmoja, chombo kikalala, wengine wakapiga mayowe, na yeye yuko nyuma kwenye tezi hana sauti ya kuwafikia. Kwangu, kabla hatujang'oa nanga, ninaketi nao kwa dakika kumi nikawaeleza tutakavyokwenda, kwa nini hatutakaribia, na kwamba huenda tusione kitu kabisa. Watu sita wanaelewa. Sijawahi kuona watu thelathini wakielewa jambo kwa pamoja, hata harusini.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo sisi wenye kazi hatuyasemi hadharani, nami nitayasema. La kwanza ni simu. Nahodha mmoja akiwaona pomboo, humpigia rafiki yake, rafiki humpigia shemeji yake, na kwa muda wa kuchemsha chai mashua nane zimefika. Ni desturi ya kusaidiana, imetoka kwenye uvuvi wa jodari, ambapo ukiona ndege wanapiga mbizi na pomboo wanaruka ulikuwa ukiwaita wenzako wapate. Ilikuwa desturi nzuri. Katika utalii imekuwa balaa. Baadhi yetu tumejaribu kuitumia simu hiyo hiyo kupanga zamu, chombo kimoja kikae robo saa kisha kiondoke ndipo kingine kije, na siku ambazo wote wanakubali, kazi huwa tamu. Siku ambazo mmoja anakataa, utaratibu wote huvunjika, kwa sababu hakuna anayetaka wageni wake waone boti nyingine iko karibu kuliko yao.

La pili ni bakshishi. Mgeni humtuza nahodha aliyemfikisha karibu. Nimewahi kukaa mbali kwa adabu zote, nikaambulia asante tupu, huku jirani yangu aliyewapitia katikati akipewa noti mbele ya macho yangu. Nami siku ya pili yake nilisogea karibu, sitajitakasa hapa. Kwa hiyo, dada yangu, ukitaka kumsaidia nahodha awe na adabu, mwambie kabla ya kuondoka kwamba utamtuza kwa kukaa mbali, na kwamba hata msipoona mnyama yeyote bado utamtuza kwa kazi yake. Neno hilo moja litabadilisha mwendo wa chombo kuliko kanuni kumi zilizobandikwa ukutani.

Kuhusu usalama: omba kuona cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Baharini ya Kenya, kinachoonyesha idadi ya abiria chombo kinachoruhusiwa kuchukua, na omba kuyaona majaketi ya kuokolea maisha ya watoto kwa macho yako, uyajaribishe yakiwa nchi kavu. Jaketi la mtu mzima humteleza mtoto wa miaka tisa likabaki linaelea peke yake. Ada ya hifadhi hulipwa KWS kwa mtandao wa eCitizen; kwa hiyo mtu akikutaka umpe taslimu mkononi ili "akupitishie", usimpe.

Nahodha wa Mkwiro amejibu:

Marahaba, kijana. Umesema ukweli kuhusu bakshishi, na si wengi ambao wangeusema. La simu pia ni kweli. Sisi ndio tulioianzisha kabla hazijakuwapo simu, kwa kupunga kikoi.

Ila niruhusu nikuulize: boti yako ya watu sita ina injini ngapi? Nimeziona nyingi za huko Nyali na Mtwapa zenye mbili, kila moja ikiwa na nguvu kuliko ile iliyonitosha mimi kwa dau zima. Mwenye nguvu nyingi hushawishika kuzitumia.

Kijana wa Nyali amejibu:

Ni mbili, nahodha. Ya pili ni ya dharura, maana nje ya mwamba injini moja ikizima wakati wa kusi ni hatari kwa roho za watu. Nikifika karibu na wanyama ninaizima na kuinyanyua nje ya maji. Na zote ni za aina mpya isiyochanganya petroli na oili, sauti yake ni ndogo. Lakini nimekuelewa.

Mama Salim ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Je, kuogelea na pomboo kuna ubaya gani? Wanangu waliona video ya watu wakiogelea nao Zanzibar na hawanipi usingizi.

Mpimamaji amejibu:

Mama Salim, video hiyo huenda ni ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Historia ya pale ni funzo la pande mbili. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakiwindwa, nyama yao ikitumika zaidi kuwa chambo cha papa. Utalii ulipoingia, wavuvi waliona kwamba pomboo aliye hai anawaletea riziki ya kudumu, na uwindaji ukakoma. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini utalii wenyewe ukakua bila mipaka, boti zikawa zinawakatia njia pomboo ili kuwatupa waogeleaji mbele yao, na watafiti wakagundua kwamba boti zikiwapo, wanyama wale hupumzika kidogo kuliko kawaida na hutumia muda mwingi zaidi kusafiri.

Ubaya, basi, hauko katika mtu kuwa majini. Uko katika jinsi anavyofikishwa majini: ili mwogeleaji amkute pomboo, ni lazima boti imtangulie pomboo, na hapo kanuni zote alizozitaja nahodha zimevunjwa kwa mpigo mmoja. Wapeleke watoto Kisite wakaogelee juu ya matumbawe. Samaki wa huko wana rangi ambazo hazimo katika sanduku lao la kalamu, na hawahitaji kukimbizwa.

Bint Kuze amejibu:

Ndugu zangu, nimewasoma nyote, tena zaidi ya mara moja, na ninawashukuru. Niwaambie nilichokifanya, maana mmenipa swali ambalo sikuwa nalo.

Niliwapigia simu watu watatu: wawili wa kundi dogo na mmoja mwenye dau la watu ishirini na tano. Kwa kila mmoja niliuliza jambo moja tu: "Tukifika tukakuta pomboo wamekwisha zungukwa na mashua tatu, utafanya nini?" Wa kwanza wa kundi dogo, ambaye tangazo lake ndilo lililonivutia, alicheka akaniambia nisiwe na wasiwasi, boti yake ni nyepesi, itapenya katikati na picha nitapata. Wa pili alisema angekaa mbali hadi mbili ziondoke, na kama haziondoki angetupeleka kwanza kwenye matumbawe kisha turudi. Mwenye dau alijibu karibu hivyo hivyo, akaongeza kwamba yeye huondoka Shimoni mapema ili asikute mtu. Kwa hiyo tangazo la kuwajibika niliona limebandikwa kwa yule asiyestahili, na dau kubwa nililokuwa nimelitilia shaka lina mtu mwenye subira.

Nimemchagua mwenye dau. Bei yake ninaiweza, dau lake lina kivuli na kiti ambacho mama anaweza kunyoosha goti, na alipoulizwa kuhusu nyangumi hakuahidi chochote. Alisema tu kwamba akiona pumzi nje ya mwamba na bahari ikiruhusu, atasimamisha injini mahali alipo na tutatazama kutoka hapo. Habari ya bakshishi nimemweleza mapema. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema hajawahi kuambiwa hivyo na mteja.

Lililobaki ni mama. Ameanza kusema kwamba bahari ya kusi itamtapisha na kwamba yeye atabaki ufuoni Shimoni atungoje. Nahodha, kuna dawa?

Nahodha wa Mkwiro amejibu:

Mwambie mama yako kwamba ndani ya mkono wa bahari wa Wasini, kati ya kisiwa na bara, maji huwa shwari hata kusi inapovuma; taabu, kama ipo, ni kile kipande cha kuelekea Kisite, nacho asubuhi si kirefu. Asipande na njaa wala asipande ameshiba; mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa vinatosha. Aketi nyuma, karibu na tezi, ambako chombo hakirukiruki kama omoni, na atazame ukingo wa mbali wa bahari, asitazame simu. Akiona bado hawezi, mwombe nahodha amshushe Wasini kijijini mkienda. Akina mama wa pale wana njia ya mbao waliyoijenga juu ya bustani ya matumbawe ya kale, si ndefu kwa goti lake, na mkirudi mtamkuta amekwisha kuandaliwa kaa na wali wa nazi kabla yenu.

Mkienda siku za maji mafu ya Agosti, nijulisheni tarehe. Nitakuwa gatini.